Kiti cha Mbele

Mzee aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa na fyuzi iliyoungua kiganjani, ameishika kama jino lililong'oka. Aliyekaa kando yake, mwanamke aliyevaa ovaroli ya fundi umeme wa magari, hakuweza kujizuia.

"Inaungua wakati gani, baba?"

"Mlango wa mbele wa abiria ukifunguliwa. Gari la zamani, limekuzidi umri. Mimi nilijua ni mke wangu. Nikamwambia, mama, una mkono mzito, unabamiza mlango. Akahamia kiti cha nyuma. Fyuzi haikuungua tena."

"Akakaa nyuma mpaka lini?"

"Mpaka tulipomzika."

Mimi nikajifanya natazama nje, kazi ambayo abiria wote tunaiweza.

"Jana binti yetu kakaa mbele," mzee aliendelea. "Kaufungua mlango taratibu kabisa. Ikaungua."

"Ni waya wa taa ya mlangoni, baba. Umechubuka kwenye bawaba. Mlango ukifunguka, waya unagusa bodi, fyuzi inakwenda. Ukizungushiwa utepe, yameisha."

"Hata mtu angeufungua polepole?"

"Hata angeufungua malaika."

"Lakini alikuwa anabamiza. Wewe hukumjua."

"Sawa, baba."

Basi likasimama kituo cha mwisho. Fundi alimgusa bega, akashuka, nasi tukafuata. Mzee hakuinuka. Nilipompita alikuwa amekigeukia kile kiti kilichobaki kitupu.

"Mbona hukubisha, mama, ukahamia tu nyuma?"