Mama Yunia Chepkosgei na Maua ya Kinamasi cha Kimulot

Mama Yunia Chepkosgei, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 13 Juni 1998, alizaliwa Siongiroi mwaka wa 1934, mtoto wa pili kati ya saba. Kwao maji yalifuatwa kwa punda, mwendo wa nusu siku. Alisimulia kwamba utotoni aliota mara nyingi ardhi inayotoa maji yenyewe.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka wa 1948. Alipenda kusoma Biblia kwa sauti, na majina magumu aliyaruka bila aibu.

Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa na Mzee Johana Kiptum, akahamia Kimulot. Asubuhi ya kwanza alishuka katika ukungu hadi kinamasi cha nyuma ya nyumba, maji yakampanda vidoleni. Chini ya kivuli cha miti aliona maua madogo ya zambarau, yameinama kama watu wanaosali. Alirudi amelowa hadi magotini, na hakuweza kueleza alikotoka.

Alichuma majani chai kwenye kampuni hadi 1968, kisha katika shamba lake mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kubeba kikapu, alishuka kwa maua yake na kikombe cha chai. Mzee alimtania kwamba ana bwana mwingine huko chini.

"Huyo hanitumi maji," alijibu.

Mwaka wa 1991 mtafiti wa mimea kutoka Nairobi, Bi. Metrine, alipiga magoti matopeni siku mbili. Alisema ua hilo hutaka kivuli na maji yanayotembea. Alikuwa amelipata mahali pengine pawili tu: pa kwanza palikauka baada ya kupandwa mibulugamu, miti inayonywa maji mengi, na pa pili ng'ombe walipakanyaga hadi likaisha.

"Mama, likiisha hapa, limeisha."

"Hata Nairobi hakuna?"

"Hakuna."

Siku hiyo Mama Yunia hakula chakula cha mchana.

Mwaka wa 1995 Benard, kitinda mimba na mrithi wa upande wa shamba wenye kinamasi, alikuja na jembe achimbe mtaro, akikaushe apande majani chai. Mama yake akaketi palipopimwa kamba, miguu ndani ya maji. "Chimba, lakini uanze na hii miguu." Benard alingoja hadi saa saba, akaenda kula. Hakukubali. Aliahirisha tu, na boma zima lilijua anangoja nini. Lilikuwa jambo la uchungu, na halina haja ya kufichwa leo.

Februari mwaka huu Mama Yunia alipatikana na saratani ya koo. Sauti ilipokwisha, aliandika kwenye daftari: "Nizikeni kwenye maua." Wanawe wakadhani anataka mashada, wakaenda kuyaagiza Kericho. Aliposikia alicheka hadi machozi, akaongeza: "Huko chini." Hapo Benard akaelewa, maana katika boma hili hakuna anayelima penye kaburi la mama yake. Mama alifariki Jumanne tarehe 9 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mzee.

Alhamisi Benard alichimba kaburi mwenyewe. Shimo la kwanza lilijaa maji, akasogea hatua tatu juu. Udongo aliubeba kwa karai hadi mlimani, usifunike hata ua moja.

Mama Yunia ameacha mume, watoto watano na wajukuu kumi na saba. Benard ameomba iandikwe hapa kwamba mtaro hautachimbwa.

Pumzika kwa amani, Mama. Hakuna atakayekulima.