Bamba Lililosahaulika

Jumanne, tarehe nne Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvua ikinyesha nje ya majira yake, wahandisi wawili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, waliketi mbele ya mwalimu mstaafu katika treni. Mwalimu, aliyeamini kuwa kudukua mazungumzo ni utovu wa adabu, alikunja gazeti ili asikie vizuri.

"Mabadiliko ya tabianchi ni porojo," alisema mnene. "Na mvua hii?" mwembamba akauliza. "Imechelewa tu, kama wewe kazini."

Kisha mnene akafunua mchoro wa tangi la mvuke la chumba cha kufulia nguo hospitalini. "Bwana mdogo, hili bamba linalozunguka tundu la bomba tuliondoe. Chuma kidogo, moshi kidogo viwandani. Tuihurumie dunia!"

"Kumbe dunia imeanza kuungua leo? Kaka, ulisahau kuagiza bamba, sema hivyo. Tundu linadhoofisha ukuta, na bamba ndilo linaloutia nguvu. Likikosekana, tangi litawapasukia wafua nguo."

"Mwaka jana ulipokosea vipimo, nilikutetea kwa mkurugenzi. Nakudai. Tia sahihi kwenye mchoro."

Treni ikasimama. Mwembamba, aliyekuwa ameshatoa kalamu, akairudisha mfukoni. "Deni nalikubali, kaka. Kwa sahihi hii silipi." Akashuka.