Mwalimu Ansbert Namangaya na Picha ya Jumbe

Ndugu waombolezaji, tuliyemleta leo makaburi ya Kinondoni ni Mwalimu Ansbert Romani Namangaya, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1956 kijijini Nanganga, mtoto wa pili wa Mzee Romani na Mama Eufrazia. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1978, akafundisha historia katika sekondari za Temeke hadi alipostaafu mwaka 2016.

Mshahara wake uliishia kwenye vitabu vikuukuu. Alivinusa, akainua kurasa kwenye mwanga, akazikagua picha kwa lenzi kujua kama zilichongwa kwenye ubao au kwenye shaba. Yuliana, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Julai 1986, hupenda kusimulia siku ya kwanza alipomtembelea Tandika. "Ananiambia ninawe mikono. Nikajua ugali unakuja. Kumbe ananipa kitabu!"

Mwaka 1994 Saifuddin, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akifunga duka, alimwuzia kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1891. Ndani mlikuwa na picha ya mzee mwenye chale mashavuni, na chini yake maandishi: Namangaya, Jumbe wa Masasi. Ukoo ukapata sura ya babu yake. Nakala zikatundikwa kila nyumba. Mama Eufrazia, mjane wa siku nyingi, aliipa shikamoo kila asubuhi, na watoto wachanga walikaguliwa kama wamechukua paji lile la uso.

Mwaka 2020 marehemu alipata kitabu cha Kifaransa, kilichochapishwa miaka thelathini kabla ya kile, kinachohusu visiwa vya Pasifiki. Mzee yuleyule alikuwamo, hana chale. Kwa lenzi aliifuata mikato ya mchongaji, mmoja baada ya mwingine, ilikuwa ileile. Ubao wa picha ulikuwa umeuzwa kwa Wajerumani, ukaongezwa chale, ukabandikwa jina.

"Nyamaza, baba Herieth. Mama ameshazeeka," Yuliana alimsihi.

Alijibu kwamba hawezi kufundisha watoto wa watu historia, kisha amdanganye mama yake mzazi.

Aliwaambia kwenye kikao cha ukoo, Pasaka ya 2021. Dada yake, Flaviana, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwa hiyo miaka yote hii mama anamwamkia mpita njia?"

Mama Eufrazia hakucheka. Aliomba miwani, akatazama picha zote mbili. "Mie nilikuwa na wa kumwamkia," alisema. "Umeninyang'anya."

Mama alifariki Septemba ile bila kusema na mwanawe tena, akiwa ameagiza kwamba Ansbert asitie udongo kaburini kwake. Siku ya maziko Ansbert alisimama pembeni, mikono nyuma, mpaka wengine walipomaliza.

Mei mwaka huu alipata kiharusi, akapoteza kauli. Flaviana alifika wodini na ile picha. "Mdogo wangu, wazee wamesema ukikubali kwamba huyu ni babu, utalala kando ya mama. Usihangaike kusema. Itikia kwa kichwa tu."

Binti yake Herieth alikuwa amemshika mkono. Marehemu aliitazama picha kwa muda mrefu, akafumba macho.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025. Wapo wanaosema hakuelewa alichoulizwa. Alielewa.

Ameacha mjane, Yuliana; dada, Flaviana; watoto Herieth, Deogratias na Stephano, pamoja na wajukuu. Ukoo umetuma salamu kutoka Nanganga, hakuna aliyefika.

Alitamani kulala kwao. Mungu ampe usingizi wa amani, hata hapa.