Siku Habiba Alipobeba Kuku

Saa tisa na robo alasiri nilimwita binti yangu Mwende, naye hakuitika. Bwana apewe utukufu, ndugu zangu, maana leo Mwende ni mama wa watoto wake mwenyewe, nami ninaweza kuandika haya yote. Nitaeleza mambo kwa mpango wake, bila kuongeza chumvi.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mashariki. Mimi ni mtu wa Kitui. Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa mfanyakazi wa barabara, na kazi ilimpeleka pande za Wajir na Mandera. Alirudi mwisho wa mwezi kama njia ilikuwa salama, na mara nyingi haikuwa salama. Aliniacha kando ya mto Tana, nje ya mji wa Garissa, katika nyumba ya udongo yenye shamba dogo la mahindi. Tulikuwa na watoto wawili: Mwende, ambaye hakuwa ametimiza miaka sita, na Mutua, aliyekuwa bado ananyonya.

Kazi yangu ilikuwa kufuga kuku. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwa Biblia ya Kikamba, kisha kwa kijitabu cha ufugaji alichoniachia bwana kilimo mmoja kabla hajahamishwa. Nilifuata kijitabu kile neno kwa neno. Nilijenga banda juu ya nguzo ili vicheche wasifike, nikachanganya majivu kwenye mchanga wa kuogea kuku ili kuua utitiri, na kila kuku anayetaga nilimjua kwa sura. Mayai niliyapeleka mjini kwa walimu, makarani na askari, watu waliotoka bara kama mimi.

Majirani zangu hawakununua. Walikuwa Wasomali, wafugaji wa ngamia na mbuzi, na kwao kuku si mnyama wa mtu mwenye heshima. Dini yao haikatazi kuku. Nimeuliza, na ninasema kwa hakika. Ni desturi ya wafugaji tu. Mtu wao hali kuku, hali yai, na hata kumshika kwa mkono ni jambo la kuchekwa. Jirani yangu wa karibu aliitwa Habiba, mke wa mfugaji, wa rika langu. Alikuwa akisimama nje ya boma langu akiwa amejifunika pua kwa shela yake na kunitania: "Mama Mwende, leo wewe nafuga ndege. Kesho utafuga nini, tai?"

Nami nilikuwa nikimjibu, "Tai hatagi kila siku, Habiba."

Mwende alicheza na watoto wa Habiba, wakifukuza vitoto vya mbuzi. Huo ndio uliokuwa ujirani wetu, na haukuwa haba.

Kisha ikatoka amri kwamba wafugaji wote wakae katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na kulindwa. Habiba na watu wake walihamishwa kwa siku moja. Wanawake waliruhusiwa kutoka kwa makundi kuteka maji na kuokota kuni. Jioni filimbi ikipigwa, kila mtu alihesabiwa ndani. Baada ya saa kumi na mbili, aliyeonekana porini alipigwa risasi bila kuulizwa jina.

Mimi sikuhamishwa, kwa sababu nilikuwa mtu wa bara na hakuna aliyenihesabu. Nilibaki peke yangu.

Ndugu zangu, niliwahi kufiwa na niliwahi kulala njaa, lakini upweke ule ulikuwa kitu kingine. Asubuhi nilitazama upande wa boma la Habiba na kuona majivu na kamba iliyokatika. Hakuna aliyepita. Hakuna aliyeniita jina. Nilianza kuzungumza na kuku, na nilipogundua kwamba nawauliza maswali na kungoja wajibu, niliogopa. Nilisali, lakini sala ilikuwa kama maji yanayomwagwa kwenye mchanga. Watoto niliwafundisha jambo moja: ukisikia watu porini, nyamaza. Awe ni nani, nyamaza.

Basi siku ile niliita, na Mwende hakuitika. Nilizunguka nyumba, banda na shamba la mahindi. Nilishuka mtoni kutazama matope, sikuona unyayo mpya. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, haishiki alama, na baada yake ni vichaka vya mswaki na migunga hadi macho yanapoishia. Nilimfunga Mutua mgongoni, nikaingia vichakani nikiita, nikatoka, nikaingia kwingine. Sikupata kitu.

Niliporudi uani nilimkuta kuku mmoja mwekundu akikimbia kutoka porini, mabawa yamesimama, akipiga kelele. Nilimjua. Siku kadhaa sikuwa nimemwona, na nilijua amejificha mahali analalia mayai. Mwende alikuwa ameniomba mara nyingi nimruhusu akamtafute. Hapo nikaelewa. Mtoto amemfuata kuku hadi kiotani, na kuku ameshtuliwa kutoka juu ya mayai yake. Mwende alikuwa huko.

Mtu asiyefuga angemfukuza kuku yule arudi alikotoka. Mimi nilijua kwamba kuku anayelalia akifukuzwa hukimbilia popote isipokuwa kiotani kwake. Akiona anafuatwa kwa karibu, atakuzungusha hadi uchoke. Njia ni moja tu: mpe chakula, mpe maji, atulie, akumbuke mayai yake, aondoke kwa hiari yake, nawe umfuate kwa mbali kana kwamba una shughuli nyingine.

Nikamtupia mtama. Nikaketi chini.

Kuketi pale ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuku alikula. Akanywa. Kisha akaenda kwenye mchanga wa majivu, akaanza kuoga, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nilimwambia Mungu: Bwana, sikuombi unitolee vita, wala unirudishie mume leo. Nipe mtu mmoja wa kusimama nami. Mmoja tu.

Nikasikia sauti kwenye ua. "Abaayo."

Hivyo ndivyo wanavyomwita dada. Alikuwa Habiba, bila chombo chake cha maji.

"Mimi nasikia wewe naita Mwende, naita, naita," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kisicho na p wala v. "Nikaweka maji chini. Iko wabi mtoto?"

Nilimweleza kwa maneno machache. Akamtazama kuku, akanitazama mimi.

"Mtoto nabotea, na wewe nangoja ndege imalize kuoga?"

"Ndiyo."

"Wallahi, fita imekuharibu kichwa." Lakini aliketi karibu nami, bega kwa bega.

Kuku akajipukuta. Akatembea kama anayetafuta wadudu, akapita nyuma ya nyumba, akaingia vichakani. Tukamfuata. Aliposimama, tulisimama. Alipogeuka, niliinama kama ninayeokota kuni, na Habiba akainama vilevile.

"Inatembea kama karani ya serikali," alininong'oneza. "Kila mahali nasimama. Shika yeye, abaayo, mubige kidogo."

"Nikimgusa, hatatupeleka."

"Basi bole bole. Mimi na kuku. Watu yangu wakiniona watacheka mbaka Eldas, huko Wajir."

Nilimwambia arudi, maana filimbi ya kijijini ingepigwa wakati wowote. Aliitikia kwa kichwa, na hakurudi. Tulikuwa tumeshafika mbali na mto wakati filimbi iliposikika. Habiba alisimama kidogo tu, kisha akaendelea kutembea.

Mwishowe kuku alinyoosha shingo, akakimbia moja kwa moja hadi chini ya mgunga mnene, akapotea ndani. Nikalala kifudifudi. Ndani kabisa nikaona gauni la Mwende. Nywele na nguo zilikuwa zimenaswa na miiba pande zote, asiweze kusonga mbele wala nyuma. Macho yalikuwa wazi.

"Mwende, kwa nini hukuitika?"

"Mama, ulisema ninyamaze."

Kweli, nilikuwa nimesema. Alikuwa amenisikia nikiita mara zote, na alikuwa ametii. Habiba alivua shela yake, akaizungusha mikononi, akaishika ile miiba na kuishikilia juu huku mimi nikimtoa mtoto. Shela ilichanika ikawa vipande. Mikono yake ilitoka damu hadi kwenye viwiko.

Mtoto tulikuwa naye. Sasa Habiba ndiye aliyekuwa katika hatari, na sisi sote tulilijua bila kuambiana. Jua lilikuwa limezama. Kati yetu na nyumba yangu ilipita njia ya magari, na doria ilikuwa ikipita hapo kila jioni. Mwanamke wa bara na watoto wake pengine wangeulizwa kwanza. Msomali aliye nje ya kijiji hangeulizwa.

Nilimwomba Mungu hekima, na ndugu zangu, hekima aliyonipa ilikuwa ya ajabu kidogo. Nilifungua leso yangu ya mabegani, nikamfunga Habiba kichwani kwa mtindo wetu. Kisha nikapenyeza mkono, nikamtoa yule kuku juu ya mayai, nikamnyooshea.

"Shika."

Aliruka nyuma. "Habana. Abaayo, habana. Niue hapa."

"Hakuna askari atakayeamini kwamba Msomali amebeba kuku. Ukimbeba, wewe ni mtu wa Kitui. Mshike mabawa, umbane kifuani, na usifungue mdomo wako hata kidogo."

Alifumba macho, akampokea. Kuku naye akamchafulia nguo papo hapo, na Mwende, ambaye alikuwa hajaacha kulia, akacheka.

Tulipofika njiani, sauti ikatuamuru tusimame. Walikuwa askari wawili, wageni kwangu, bunduki zimeelekezwa kwetu.

"Mnatembea saa hizi mnatafuta kufa?"

"Mtoto wangu alipotea," nilisema. "Tumempata sasa hivi. Kwangu ni hapo mbele, penye banda la kuku."

Yule mrefu alimsogelea Habiba. "Na wewe?"

Habiba aliinamisha kichwa. Kuku akapiga kelele, akajitahidi kutoka, naye Habiba akamkumbatia kwa nguvu, kidevu kimegusa manyoya.

"Anataga huyo?" askari aliuliza.

"Analalia," nilijibu mimi. "Mayai yake yana vifaranga, afande, hayaliki."

Mwenzake akacheka. "Waache mama wa watu waende. Ulishaona Msomali gani amekumbatia kuku hivyo? Hao ni wa kwetu."

Bunduki zikashuka. Tuliondoka bila kukimbia. Sikusema uongo hata neno moja, ndugu zangu, nimeyapima maneno yale mara nyingi. Mlango wa kutokea ulikuwapo, na Bwana ndiye aliyeufungua.

Nyumbani Habiba alimwachia kuku kama anayetupa kaa la moto. Alisugua mikono yenye majeraha kwa mchanga, kisha maji, kisha mchanga tena. Halafu akaketi, akamchukua Mutua, akampakata. Tulikaa hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuwa na mtu mzima ndani ya nyumba yangu, na nililia kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa ile hatari.

"Mbona nalia? Mtoto iko," alisema.

"Nalia kwa kuwa umekuja."

"Mimi iko fijiji imejaa watu," alisema. "Watu mingi, abaayo, na bado mimi beke yangu. Hakuna mtu nacheka."

Asubuhi alijichanganya na wanawake wa maji, akaingia nao. Lakini jioni iliyotangulia alikuwa amekosekana kwenye hesabu. Alifungiwa, na habari ikanifikia kwamba mbuzi wa maziwa wa watoto wake watachukuliwa asipolipa faini ya shilingi mia moja na ishirini. Mumewe hakuwa na chochote. Ngamia wao walikuwa wameshachukuliwa. Nikafunga kuku wangu wote miguu, nikawapakia kwenye matenga, nikaenda nao mjini kwa safari mbili. Niliuza wote: wanaotaga, majogoo, hata yule mwekundu. Jioni Habiba alitolewa, na mbuzi wakabaki.

Vita vilipokwisha, watu wake walihama kuelekea Hulugho kutafuta malisho. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Sikupata habari zake tena, ingawa nimewauliza wasafiri wengi. Upweke ulirudi, ndugu zangu, siwafichi. Ila haukurudi ukiwa vile, kwa maana nilijua sasa kwamba niliposali juu ya mchanga ule, kulikuwa na asikilizaye.

Nawasihi ninyi mnaosali na kuona kimya: msiache. Mwombeni Mungu mtu mmoja, na mtu huyo akija, mpokeeni jinsi alivyo, hata akiwa wa dini nyingine na lugha nyingine, hata akiwa anawacheka kuku wenu. Namshukuru Bwana kwa Mwende. Namshukuru kwa Habiba, popote alipo, akiwa hai au amelala.

Wako wanaoniuliza vita vile vilinigharimu nini. Huwa nawajibu kwa usahihi, kwa sababu kitu kingine sikupoteza: shilingi mia moja na ishirini.