Fundi Randa, Aliyeishika Foleni Nje ya Gereza

Marehemu mdogo wangu, ambaye mji huu wote ulimwita Fundi Randa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa kitinda mimba wa baba yetu, mpaka rangi wa mabehewa ya treni, na mama yetu, mfua nguo. Mkunga alimshika akasema, huyu atasumbua watu. Mkunga hakukosea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ile iliyopakana na soko, akamaliza darasa la saba. Mimi dada yake nilitolewa darasa la pili ili nisaidie kufua, kwa hiyo herufi nyingi nilizonazo alinifundisha yeye jioni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkiona mahali nimekosea kuandika, mlaumuni mwalimu.

Mwaka 1967 aliingia karakana ya useremala karibu na kituo cha mafuta. Jina la Randa, kile chombo cha kulainishia mbao, alilipata huko, maana alikuwa hakubali mbao iitwe laini mpaka aipitishe shavuni mwake mwenyewe. Tarehe 6 Agosti 1977 alimuoa wifi yangu, fundi cherehani. Alimpata kwa ujanja. Alimtengenezea meza yenye droo inayokwama makusudi, ili kila wiki aitwe kuirekebisha. Wifi aligundua mapema, akanyamaza, akawa anaita.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nipite haraka. Mtoto wa kaka yetu aliyetangulia kufariki aliniletea karatasi iliyochapwa vizuri sana, imeandikwa kwamba kati ya 1982 na 1988 marehemu “alikuwa kikazi nje ya mji”. Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo nenda kaisome kwenye maziko yako.” Marehemu alikuwa gerezani. Alifungwa kwa kosa, na kosa alilitenda. Aligombana na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga juu ya mpaka wa uzio, akampiga kwa nyundo, na mkono wa jirani haujanyooka hadi leo. Mahakamani alisema, “Ni kweli nimempiga.” Hakumsingizia shetani wala pombe.

Gerezani aliwekwa karakana. Mwaka 1984, uchaguzi ulipokaribia, karakana ile ilipewa kazi ya kutengeneza vibanda vya kupigia kura na masanduku yake. Wafungwa walipima, wakakata, wakapiga randa. Kibanda cha kwanza kilipokwisha, marehemu aliingia ndani akasimama. Askari akamuuliza, “We Randa, unafanya nini humo?”

“Napima kama mtu anaenea, afande.”

“Haya, toka.”

“Nimeenea, afande. Sasa na sisi tunapiga kura saa ngapi?”

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbao. Yeye hakuwa anatania. Alirudia swali, akapelekwa selo ya peke yake. Alipotoka huko akauliza tena.

Siku iliyofuata kura, wifi yangu alikwenda kumtazama, kidole kina wino. Marehemu alikitazama kile kidole kupitia wavu kama mtu anayetazama chakula.

“Umempa nani?”

“Kura ni siri.”

“Hata kwa mumeo?”

“Hasa kwa mumeo.”

Alituambia baadaye kwamba siku hiyo alicheka, kisha usiku hakulala. Alisema: “Hakimu alinihukumu kifungo. Nilimsikiliza mpaka neno la mwisho. Sikumsikia akisema nimeacha kuwa mwananchi. Watoto wangu wanasoma shule za nchi hii, mke wangu anatibiwa hospitali za nchi hii, na sheria iliyonileta hapa imetungwa na watu wa kuchaguliwa. Nani ana haja ya kuwachagua vizuri kunizidi mimi?”

Alitoka tarehe 20 Juni 1988. Kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa mlango mpya wa mashine ya jirani, akaupeleka mwenyewe, akaomba msamaha akiwa ameubeba. Jirani akasema, “Utue kwanza, nisije nikakusamehe kwa huruma.” Kazi ya pili ilikuwa benchi.

Uchaguzi wa 1989 aliandikishwa kama watu wote. Siku ya kura akavaa shati lililopigwa pasi, akatia kadi mfukoni, akabeba benchi lake mpaka nje ya lango la gereza, akaketi. Mkuu wa gereza akatoka. “Mzee, kituo chako si kile cha shuleni?”

“Nakijua. Nangoja foleni isogee. Walio mbele yangu wako humo ndani.”

Aliketi mpaka vituo vikafungwa, akarudi nyumbani na kidole kisafi. Akafanya hivyo kila uchaguzi mpaka wa 2019. Mimi nilimgombeza sana. Nilimwambia anaitupa kura yake, na wenye kufurahi ni wale wale asiowataka. Akanijibu, “Dada, sijaitupa, nimeshika nafasi.” Kuna mwaka polisi walimkamata kwa kufanya fujo. Mtu ameketi! Wakamwachia jioni, akadai benchi lake kabla ya viatu.

Jirani wa mashine hakukubaliana naye hata siku moja. Walibishana miaka yote kwenye baraza letu. “Mtu aliyenivunja mkono anichagulie mimi mbunge? Thubutu!” Na marehemu: “Nilikuvunja mkono wewe, sikuvunja sanduku la kura. Nilitengeneza.” Lakini mwaka 2019, jua likiwa kali na marehemu ameshaanza kukohoa, jirani huyo alifika langoni na mwavuli akamshikia kwa mkono wake mzima. “Sikubaliani nawe hata kidogo,” akasema. “Ila ukifia hapa nitabishana na nani?”

Vumbi la mbao lilikuwa limeingia mapafuni. Alilazwa hospitali ya wilaya mara kadhaa kuanzia 2022. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake. Swali lake la mwisho kwangu lilikuwa kama wa gerezani wameandikishwa safari hii. Sikumdanganya. Nilimwambia bado. Akasema, “Basi benchi msiuze.”

Ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanane, dada mmoja ambaye ni mimi, na jirani mmoja ambaye bado hajakubali.

Benchi lenyewe ni lile pale, kushoto kwa kaburi. Anayetaka kukaa akae, lakini asiondoke nalo. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kura, nitalikalia mimi kule langoni mwa gereza, na kadi yangu mfukoni. Jana jirani aliniuliza, “Dada, kwa miguu yako hiyo?” Nikamwambia kukaa hakuhitaji miguu. Akasema, “Nitaleta mwavuli. Lakini sikubali.”

Usikubali, jirani. Wewe njoo tu.

Na wewe mdogo wangu, pumzika, umekaa juani vya kutosha. Nafasi yako kwenye foleni tumeishika.