Mikono Chini ya Khanga

Ndugu zangu wa jumuiya, mniwie radhi, ushuhuda wangu nitautoa nikiwa nimekaa. Nikisimama maneno yananikimbia. Nikikaa na pamba yangu na kijiti changu hiki cha kusokotea, naweza kuwaambia yote bila kuficha. Kwa hiyo mkiniona naangalia uzi badala ya kuwaangalia nyie, msidhani ni dharau.

Nilizaliwa kwenye ng'ombe. Baba yangu alitoka kaskazini akiswaga mifugo hadi huku Katavi, nami nikamfuata nikiwa mdogo, nyuma ya ndama. Alipofariki akaniachia zizi limejaa. Sikujua kazi nyingine. Mimi ni mtu wa kuchunga na kusokota kamba za kufungia ndama, basi. Kumbukeni hilo la kamba, nitalirudia.

Mwaka mmoja ugonjwa uliingia zizini. Sitawachosha na jinsi walivyokufa. Nitasema tu kwamba msimu ulianza nikiwa na kundi, ukaisha nikiwa na fimbo. Asubuhi nilikuwa naamka saa ile ile, natoka, nafika mlangoni mwa zizi, halafu nakumbuka.

Nikajaribu kazi nyingine. Nilifyatua matofali, nikayaacha kabla ya kuyachoma. Nililima mpunga, palizi ilipofika nikalala ndani. Nilinunua miche ya miti, ikakauka ndani ya mifuko yake. Ndugu zangu, nawaambia, watu waliniita mvivu, na mimi nikawaamini. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mikono mizima na asiwe na nguvu ya kuinyanyua.

Mke wangu alivumilia. Siku aliyochoka hakupiga kelele. Aliwavalisha watoto wetu watatu, akafunga vyombo kwenye beseni, akaniambia akiwa amesimama mlangoni: "Siondoki kwa sababu ng'ombe wamekufa. Naondoka kwa sababu na wewe umekufa, ila bado unakula. Siku utakapomaliza kitu kimoja ulichokianza, niite."

Akaenda kwa mama yake, Kasekese. Nami nikabaki na maneno hayo ndani ya nyumba tupu. Nilikuwa nayasikia hata kwenye sufuria.

Basi kuna mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye yupo hapa na amenikataza kumtaja, aliniambia kuna mafunzo mjini, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya soko pale Kashaulili. Wanafundisha kusokota nyuzi za pamba, kuzitia rangi na kufuma vitambaa. Mimi nikamwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Akanijibu, "Wanagawa uji saa nne." Siwafichi, nilikwenda kwa ajili ya uji.

Tulikuwa wanaume wawili, na mwenzangu alikuja siku mbili tu. Wanawake walinipokea kwa utani. Mmoja aliniuliza, "Baba, umekuja na fimbo, unataka kuchunga nyuzi?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msimu ule.

Wiki ya kwanza tulijifunza kuandaa pamba tu. Unatoa mbegu moja moja, unatoa taka, halafu unaichambua mpaka inakuwa laini kama povu. Kazi ile ilinifaa. Haikuniuliza nilikotoka. Nikaanza kufikiri, labda hiki ndicho kitu nitakachokimaliza.

Wiki ya pili mwalimu wetu akaleta mtu wa kutuonyesha usokotaji wa zamani, bibi aliyefundishwa na bibi yake. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe wangu.

Wanaojua wameshika vinywa. Kwa wasiojua, nitaeleza taratibu. Kwetu, na kwa watu wa mke wangu pia, mwanaume hakai uso kwa uso na mama mkwe. Hamuangalii machoni, hali naye, hapiti karibu yake. Si uadui. Ni heshima, na mimi nililelewa nayo kama nilivyolelewa na maziwa. Miaka yote ya ndoa yangu, mama huyo nilikuwa namjua kwa sauti ya nyuma ya ukuta na kwa khanga inayokata kona.

Nilitaka kukimbia. Lakini nikawaza: nikitoka, atarudi Kasekese na kumwambia binti yake kwamba nimeacha tena. Nikabaki. Nikageuza kigoda changu, nikakaa nikiangalia ukuta.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndilo ninalotaka mlibebe mkienda nyumbani. Sikumwambia mtu kwa nini nimegeuka. Mwalimu alikuwa mgeni wa mila zetu, akadhani naumwa. Wanawake wakadhani nina majivuno. Mama mkwe alijua, lakini naye heshima ilimfunga mdomo. Na mimi nilikuwa nimeshavunjika, na mtu aliyevunjika huona kujieleza ni mzigo mwingine tu.

Ukutani hakuna mikono ya kuangalia. Nilisikia tu kijiti kikizunguka nyuma yangu, na mwalimu akisema, "Vuta pamba kidogo kidogo, zungusha, vuta." Nikasokota kama ninavyojua. Nikauviringisha uzi juu ya paja, kama kamba ya ndama. Ulitoka mwembamba, imara. Mwalimu alipopita akausifu. Ndugu zangu, nilikwenda nao nyumbani siku hiyo, nikaulaza mezani, nikawa nautazama wakati nakula.

Ikaja kazi ya rangi. Tulichemsha magome ya mninga hadi maji yakawa mekundu, tukatumbukiza nyuzi, tukazigeuza kwa kijiti tukiwa tunatokwa machozi ya moshi. Nyuzi zangu zikatoka nyekundu ya kuiva, kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Mwalimu akachagua nyuzi mbili zilizolingana wembamba ili azisokote pamoja ziwe uzi mmoja wenye nguvu: wangu mwekundu, na mweupe wa mama mkwe. Akasema hizo ndizo zitakazotangulia kwenye mtambo wa kufumia, mbele ya wageni waliokuja kuangalia mafunzo.

Sasa angalieni hapa. Uzi ukisokotwa unaelekea upande mmoja, kulia au kushoto. Mama mkwe na wenzake wote walikuwa wanazungusha kijiti upande huu. Mimi, paja langu lilikuwa linasokota upande huu mwingine. Kwa macho huoni tofauti. Lakini ukiziunganisha nyuzi mbili za namna hiyo, mmoja unazidi kukaza mpaka unajikunja, na mwingine unafunguka, unarudi kuwa pamba. Zikivutwa, zinakatika.

Zikakatika. Zilitandikwa kwenye mtambo, mwalimu akavuta, zikaanza kuachia moja baada ya nyingine mbele ya watu wote. Akauliza, bila hasira, "Uzi huu mwekundu ni wa nani?"

Nilikuwa naangalia ukuta. Hakuna aliyejibu kwa niaba yangu. Nikasimama, nikachukua fimbo yangu, nikatoka.

Kutoka mjini hadi kwangu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Njia yote niliwaza kwamba hata nilichokipenda kimeharibika mkononi mwangu, na kimeharibu na cha mama mkwe. Usiku huo sikupata usingizi. Kesho yake, jua likiwa limepanda, nilikwenda kwenye zizi tupu nikiwa na nia mbaya juu ya uhai wangu. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana najua humu ndani kuna anayepita njia hiyo hiyo, na sitaki kumwonyesha njia. Nitasema tu kwamba sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka.

Nikasikia pikipiki. Nikadhani inapita. Ikasimama.

Nikasikia sauti ya mwalimu ikiita hodi, na nyuma yake nyayo za mtu mzee asiyeharakisha. Nikazijua nyayo hizo. Nikageuka haraka, nikapiga magoti, uso wangu ukielekea kwenye nguzo. Kisha nikasikia kitambaa kikikung'utwa. Mama mkwe alikuwa amevua khanga yake ya juu, akaitundika kwenye miti ya zizi, katikati yangu na yeye.

Hakuongea na mimi. Aliongea na mwalimu, kama mila inavyotaka.

"Mwalimu, mwambie baba wa wajukuu wangu kwamba uzi wake hauna ubovu. Mimi nimeushika usiku kucha. Umesokotwa upande wa kamba, basi. Mwambie hakuna aliyemfundisha, kwa sababu alikuwa ananiheshimu."

Mwalimu akaanza kuyarudia maneno hayo, akashindwa kuyamaliza.

"Mwambie sasa asiniangalie mimi. Aangalie mikono tu."

Chini ya khanga ikatoka mikono miwili. Mikono ya mzee, kucha zikiwa bado na rangi ya mninga, na kijiti na pamba. Ikaanza kusokota taratibu, taratibu kuliko inavyotakiwa, ili nione. Upande ule. Tena. Upande ule. Halafu ikasimama, ikaweka kijiti kwenye vumbi, upande wangu. Ilikuwa inanisubiri.

Nilikaa muda mrefu bila kukigusa. Mikono ile haikuondoka. Mwishowe nilikichukua kwa sababu niliona haya kumchosha mtu mzima akiwa ameinama. Ndugu zangu, msitafute sababu kubwa kuliko hiyo. Siku ile sikurudishwa na matumaini, maana sikuwa nayo. Nilirudishwa na mikono ya mtu aliyekataa kuondoka kabla sijajaribu.

Tangu hapo khanga ile ilitundikwa ukumbini kila siku. Mimi upande huu, mama upande ule, mikono yake ikitoka chini pale ninapokosea. Wanawake wakapata la kusema, khanga ile wakaiita pazia la ikulu. Asubuhi wanauliza, "Jamani, ikulu imefunguliwa?" Yeye anacheka kule nyuma, nami nacheka huku.

Tukaanza kitambaa kimoja kirefu. Uzi mwekundu wangu, uzi mweupe wake, safari hii zikielekea upande mmoja. Siku ambazo giza lilinirudia, nilifuma mistari miwili tu, nikaenda nyumbani. Zilikuwepo nyingi siku hizo. Mke wangu hakuja. Sikumwita, kwa sababu kitu kilikuwa hakijaisha.

Mvua zilipokuwa zinakatika, mikono ile ikaanza kuchelewa kutoka. Kisha siku moja haikutoka kabisa. Nikaambiwa miguu imemvimba, yuko Kasekese amelala. Sikuweza kwenda kukaa kitandani kwake, mila hairuhusu. Nilituma salamu kwa mwalimu, naye akaniletea jibu na mafungu ya uzi mweupe. Alikuwa anasokota akiwa amelala.

Simu ikalia mchana mmoja. Ilikuwa sauti ya mke wangu, ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Mama ametutoka. Amesema afunikwe na kitambaa chenu. Kimeisha?"

Nilitaka kumdanganya. "Bado," nikasema.

Akasema, "Tunazika kesho kutwa."

"Kitaisha."

Nilifuma. Wanawake wa ukumbini waliacha kazi zao, wakanijazia nyuzi, mmoja akanishikia kikombe cha uji nikanywa bila kuachia mtambo. Pale mwishoni uzi mweupe wa mama ukaisha, kukiwa kumebaki upana wa viganja viwili. Nikachukua kijiti, nikasokota mweupe mwenyewe, kama nilivyoonyeshwa. Ukikitazama kitambaa kile hutajua uzi wake umeishia wapi na wangu umeanzia wapi. Ila hakuna wa kukitazama tena. Kipo ardhini.

Nilikipeleka kwa pikipiki, kimefungwa kwenye nailoni kwa sababu ya tope. Mke wangu alinipokea uwanjani. Hakunisalimia. Alikikunjua, akatafuta ukingo wa mwisho, akapapasa mafundo ya kumalizia moja moja mpaka kona.

"Umemaliza," akasema. Akaenda nacho ndani.

Nilisimama mbali na wanaume. Walipoufunua uso wa marehemu watu wamuage, nilitazama chini. Mpaka leo sijui uso wa mama aliyeniokoa. Najua mikono yake.

Mke wangu na watoto walirudi baada ya matanga. Hatukufanya sherehe. Aliingia, akaweka beseni pale pale lilipotolewa, akaniuliza kama kuna chumvi.

Siwaambii kwamba nimepona. Zipo asubuhi ambazo bado nafika mlangoni mwa zizi. Ila sasa nina kazi ya kurudi kuifanya, na nina mtu wa kumwambia, "Leo ni siku ile mbaya." Nawashukuru mwalimu wetu, mama wa jumuiya aliyenitega kwa uji, na wale wanawake wa ukumbini. Na wewe, mama, uliyelala. Shukrani zako nazisema nikiwa nimeangalia chini, kama inavyostahili.

Wenzangu mnaokaa mkiangalia ukuta, iwe kwa heshima, iwe kwa aibu, iwe kwa uchungu: kaeni hivyo hivyo kama hamwezi kugeuka. Lakini mwambieni mtu mmoja kwa nini. Nami nilifundishika nikiwa bado nimegeuza mgongo. Ilitosha mtu mmoja aambiwe sababu.

Khanga ile ya mama, mke wangu alinipa. Hii hapa. Tukimaliza nitaitundika kwenye kile chumba cha pembeni, nami nitakaa upande mmoja na pamba yangu. Ambaye hawezi kusema mbele za watu, aje akae upande wa pili. Sitauliza jina. Sitakuangalia usoni. Utoe mikono tu, tuanzie hapo.