Bi Hafsa na Unga Ulionasa Rangi

Bi Hafsa Alamin, fundi wa maabara yetu ya maji hapa Msambweni, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wasomi wamesema wana shughuli, basi ukurasa huu wa kumuaga nimeachiwa mimi Waziri, mwosha vyombo na mpika chai, niliyeishia darasa la tano.

Kazi yake ni kutengeneza unga wa kusafisha maji ya rangi. Huchukua makapi ya mpunga kutoka Vanga, akayachoma yakawa majivu meupe, akayayeyusha kwa dawa kali, akatia sabuni, kisha akaoka. Sabuni huungua, na pale ilipokuwa pakabaki vitundu. Mwisho unga hupakwa dawa ya kunasa rangi. Mwingine huutia shaba. Huo haunasi, huharakisha rangi kuvunjika. Niliwahi kumwambia vitundu vyenyewe sivioni, asituchezee. Akanijibu kwamba hata njaa siioni, mbona ikifika saa saba naijua ilipo.

Mwaka wa 2014, akina mama kumi na wanane wa Ukunda wanaotia vitambaa rangi waliambiwa na bwana afya kwamba maji yao mekundu yasipotakata kufikia Jumatatu, karakana itafungwa. Bi Hafsa akawaokea debe zima la unga. Jumamosi nikalikuta, nikaona majivu mazuri, nikasugulia masufuria yote. Yaling'ara, sisemi uongo.

Bi Hafsa aliyatazama, akanitazama, akauliza unga umesalia kiasi gani. Kikombe kimoja. Nikajua kazi sina. Mkurugenzi wetu, Dkt. Elphas, alikuwa amemfukuza mtu kwa kuvunja chupa tu.

Jumatatu Bi Hafsa akapitisha maji yale mekundu kwenye unga wa kikombe kile. Ukijaa rangi, anauosha kwa maji ya chumvi, anayamwaga kwenye dumu, anaanza tena. Mara tisa. Bwana afya akachoka, akaomba kiti. Alasiri maji yakatoka maangavu, rangi yote imebaki ndani ya dumu lile moja. Karakana haikufungwa. Na hapo ndipo tulipojua kwamba unga mmoja waweza kutumika tena na tena. Akina mama wale wangali wanatia rangi hadi leo.

Kwenye ripoti Bi Hafsa aliandika kwamba unga ulipungua kwa sababu ya “matumizi mengine ya maabara”. Hakunitaja, wala hakunisimanga, ingawa kila nikishika sufuria alikuwa akikohoa.

Bi Hafsa, twakushukuru. Mola akupe afya na raha nyumbani kwako Kibuyuni. Mimi nami nimebakiza miezi minne nistaafu, na sikutaka uondoke ukiwa umenibebea siri hii. Dkt. Elphas, ukimaliza kusoma, nipo jikoni.